Harusi tunachangia, msiba tunachangia, kijana anayetoka jela tunamwacha aje peke yake

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako. Mimi si mwandishi, nauza vitenge huku Mbagala, ila hili jambo limenikaa moyoni tangu mwaka jana na naona nikilisema huenda familia nyingine ikapona.

Mtoto wa kaka yangu alifungwa akiwa na miaka 21, alikutwa na pikipiki ya wizi, akapewa miaka 3. Wenye ndugu ndani wanajua, ukikaa vizuri theluthi moja ya kifungo inapunguzwa, kwahiyo miaka 3 inakuwa 2, yaani siku ya kutoka tulikuwa tunaijua tangu siku ya hukumu, ni kuhesabu tu kwenye kalenda. Hakuna aliyehesabu. Kaka alisema jina la yule mtoto lisitajwe tena pale nyumbani, sisi wengine tukaenda kumuona mara mbili tatu mwanzoni, alafu ikawa nauli, alafu biashara mbaya, alafu tukaacha kabisa. Gereza lenyewe huko Morogoro, sio mbali kihivyo.

Akatoka Alhamisi moja. Akapanda basi, akashuka Mbezi, akaunga daladala mpaka Rangi Tatu, saa 12 jioni ndo anaingia uwani na kifuko cha rambo mkononi, bibi yake anaosha vyombo. Bibi alipiga ukelele majirani wakatoka wakidhani kuna msiba, maana hata yeye hakuna aliyemwambia kuwa mjukuu wake anarudi.

Siku ya pili nikaenda. Nikamuita, "baba njoo nikuone", akaja mbio akachuchumaa mbele yangu, mikono kwenye magoti, macho chini. Mi nikajua ananipa shikamoo, kumbe mwili ndo umeshazoea, kule ukiitwa na afande unachuchumaa. Kwenda chooni anaomba ruhusa. Wali anaumaliza sisi wengine bado tunanawa. Usiku tukizima taa anashtuka anakaa kitandani, alituambia kule taa inawaka mpaka asubuhi, giza amelisahau.

Na mimi nataka niseme ukweli wangu hapa. Nilipoinuka kwenda msalani nilichukua pochi yangu nikaibana kwapani. Aliniona. Hakusema kitu, ila bibi yake akaja kunisimulia kuwa tangu siku ile mgeni akiingia kijana anatoka, anaenda kukaa kwenye ngazi huko nje mpaka mgeni aondoke ndo anarudi ndani. Hilo nimelifanya mimi shangazi yake, niliyembeba mgongoni akiwa na surua.

Sasa nikaanza kujiuliza. Sisi watu wa huku kwa kuchangiana hatujambo, mtu akioa kamati inaundwa miezi sita kabla, kuna mwenyekiti, kuna mweka hazina, kadi ya singo shilingi elfu hamsini na dabo laki, usipolipa unakumbushwa kwenye grupu la wasap kila asubuhi. Mtu akifa kabla hakujakucha turubai limeshafungwa na daftari la rambirambi liko mezani. Lakini huyu mtoto aliye hai, anayerudi, hatukumkalia kikao hata cha dakika kumi. Na mahitaji yake jamani hayafiki hata hela ya MC! Mtu mmoja wa kumpokea getini. Nguo mbili na viatu, kwa sababu zile alizoingia nazo hazimtoshi tena. Godoro. Barua ya serikali ya mtaa, ili mwenyekiti ajue kijana amerudi kwa wazee wake na hajajificha kwa mtu. Na simu, hii msiidharau, simu yake iliuzwa wakati wa kesi, laini ilishafungwa, kuisajili upya wanataka namba ya NIDA na kidole, na ile namba ilikuwa kwenye karatasi ambayo sisi ndio tuliipoteza wakati tunahamisha vitu vya chumba chake ili tupangishe. Wiki tatu hana simu, na saivi kibarua hakuna anayekufuata nyumbani, unapigiwa, usipopatikana anapigiwa mwingine.

Tarehe 9 Desemba 2019 Rais Magufuli alitangaza msamaha kwa wafungwa 5,533 pale CCM Kirumba Mwanza, tulishangilia, mimi mwenyewe nilishangilia. Leo nawaza wangapi kati ya wale walikuta mtu anawasubiri nje ya geti. Na msamaha hata kama unatangazwa ghafla, siku zake tunazijua, ni Uhuru 9 Desemba na Muungano 26 Aprili, mwenye ndugu ndani asisubiri kusikia redioni ndo aanze kutafuta godoro.

Wale wadogo ndio wananiumiza zaidi. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumfunga jela aliye chini ya miaka 18, mahakama inaweza kumpeleka shule ya maadilisho, na shule hiyo ipo Irambo, Mbeya. Mzazi wa Mtwara au Kigoma kwenda kumsalimia mwanae mpaka Mbeya ni mtaji wa genge lake wote. Hapo maafisa ustawi wa jamii wa halmashauri mtusaidie, mwezi mmoja kabla mtoto hajatoka ipigeni simu kwao, muulize analala wapi na nani anakwenda kumchukua. Na ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, 4 za vijana, inataka kikundi, na kikundi gani kinampokea aliyetoka jana jela kama nyumbani kwao kwenyewe wanabana pochi?

Wapo watakaosema na mwenye pikipiki je, nani anamlilia. Wana haki ya kuuliza. Sisi tulipokuja kukaa kikao, tumechelewa lakini tulikaa, hilo ndo lilikuwa la kwanza. Kijana alienda na mjomba wake kwa yule baba kuomba radhi. Hakuwakaribisha ndani, alisimama nao mlangoni, ila aliwasikiliza mpaka mwisho na akawapa mkono.

Huyo mjomba ndiye aliyemnyanyua. Anachomelea mageti Mtoni, akamchukua awe saidia fundi, na siku ya nne tu akampa ufunguo wa stoo yenye mashine na grainda. Mi nikamwambia shemeji huogopi? Akanijibu, "Nikimpa kazi alafu ufunguo nikaficha, nitakuwa nimempa nini?" Sasa hivi yule kijana ndiye anayefungua asubuhi. Akiitwa bado kuna siku magoti yanataka kukunja, unamuona anajizuia. Kaka yangu naye mwezi wa Ramadhani alimuita kufuturu nyumbani, hawakuongea sana, lakini alikula taratibu mpaka kahawa ikaja.

Mtaani kwetu kuna mama mwingine, mwanae anatoka mwezi wa tisa. Alikuwa anamficha, anasema yuko Tunduru kwenye madini. Nilimfuata nikamueleza hili la kwangu lote, pochi na yote, tukalia. Tumeshaunda kamati, tupo watu saba, nauli ipo, godoro limelipiwa nusu, namba yake ya NIDA nimeiandika ukutani kwangu kwa maka. Mjomba wake anaenda siku moja kabla atalala hukohuko, ili geti likifunguliwa asubuhi awe ameshasimama pale.

Shangazi,
Mbagala, Dar es Salaam