Dereva mwenye uzoefu wa miaka ishirini akirudi kwenye mtihani, atafeli wapi?

Ndugu Mhariri,

Hapa kwetu dereva wa gari binafsi akishafaulu mtihani mara moja akiwa kijana, anaweza kuendesha mpaka azeeke bila mtahini kukaa tena kushoto kwake. Leseni inahuishwa kila baada ya miaka mitano, lakini uendeshaji wenyewe hauhuishwi. Ndiyo maana swali la kwamba dereva mzoefu akirudishwa leo kwenye mtihani atafaulu au la huzua ubishi mkali kila linapotajwa, hasa kwa wale ambao usukani ni heshima yao. Sisi tunaofundisha udereva hapa Moshi jibu letu ni kwamba wengi wangefeli, ila si pale wanapodhani.

Ukimuuliza mzoefu anaogopa nini, atakutajia kurudi rivasi kati ya mapipa na kuondoa gari la manyo mlimani bila kurudi nyuma. Hayo atayafanya vizuri. Huenda atapata shida kidogo na klachi kama amezoea gari la otomatiki kwa miaka, lakini mguu hukumbuka haraka. Kinachomwangusha ni macho, indiketa, nafasi na spidi, yaani mambo ambayo hakuna aliyemsahihisha tangu siku alipopata leseni.

Tuchukue kipimo cha Uingereza, kwa kuwa mtihani wa lazima ulianza kule mwaka 1935 na namna ya kutoa alama imewekwa wazi. Mtahiniwa anaruhusiwa makosa madogo 15; likifika la 16, amefeli. Kosa moja kubwa linamwangusha hata kama mengine yote yamenyooka. Kosa dogo likirudiwarudiwa, mtahini anaweza kulihesabu kuwa kubwa. Wanaofaulu ni takriban nusu tu. Sasa mzoefu hakosei kwa bahati mbaya. Ana mazoea, na mazoea hujirudia kila kona. Kuwasha indiketa wakati usukani umeshaanza kukata ni kosa dogo, lakini ukilifanya mara sita kati ya stendi na Majengo, mtahini hana sababu ya kuendelea kuliita dogo.

Mpangilio unaofundishwa ni huu: kioo cha ndani, kioo cha upande unaokwenda, indiketa, kisha jicho begani, ndipo usukani. Indiketa iwake walau sekunde tatu kabla hujaanza kukata. Kwa spidi ya 50 hizo ni mita 42 hivi. Jicho la begani ndilo linaloachwa na karibu kila mtu. Vioo vya pembeni, hata vikiwekwa sawasawa, huacha eneo lisiloonekana ambamo bodaboda nzima na abiria wake wawili wanaenea bila tatizo.

Kipilefti ndicho kinachopukutisha wengi. Iwe cha YMCA hapa Moshi au cha Mnara wa Saa kule Arusha, sheria ni moja: aliyeko ndani, anayetokea kulia kwako, ana haki ya kupita kwanza. Ukitoka njia ya kwanza kushoto, washa kushoto tangu unakaribia. Ukinyoosha, usiwashe chochote unapoingia. Washa kushoto ukishaipita njia iliyo kabla ya yako. Ukizunguka kwenda kulia, washa kulia tangu mwanzo, shika njia ya ndani, halafu badilisha kwenda kushoto ukikaribia kutoka. Mzoefu wetu hufanya nini? Anawasha hazadi kumaanisha "nanyoosha". Hazadi haina maana hiyo popote. Ni taa ya gari lililokwama au la kutahadharisha hatari, na ukiiwasha kwenye kipilefti, aliye kushoto kwako anaona indiketa moja tu kati ya zile mbili, anaamini unatoka, anaingia. Mtahini angeandika kosa kubwa hapo hapo.

Lugha nyingine ya barabarani isiyo ya sheria ni ile ya malori: lori la mbele likiwasha kushoto ati "pita", likiwasha kulia ati "usipite, kuna gari linakuja". Madereva wa njia ya Himo na Same wanaiheshimu kama amri. Kwa kweli mara nyingi inasaidia, na anayeitumia huwa na nia njema. Ila indiketa ya kushoto inaweza pia kumaanisha lori linaegesha, na ya kulia inaweza kumaanisha kwamba linakata kulia kweli, wakati wewe uko ubavuni mwake. Anayeovateki kwa ruhusa ya mtu mwingine amekabidhi macho yake. Kwenye mtihani, kupita gari kunaamuliwa na unachokiona mwenyewe pamoja na mstari ulio katikati: ukiwa haujakatika upande wako, hupiti, hata lori liwashe taa zote.

Kuhusu nafasi kati ya gari na gari, hesabu haina mjadala. Kwa spidi ya 50 gari linakwenda mita 14 kila sekunde. Mtu huchukua sekunde moja na nusu hivi kuona, kuamua na kufikisha mguu kwenye breki, kwa hiyo mita 21 zimekwisha kabla breki haijashika. Breki nayo, kwenye lami kavu na tairi nzuri, itataka mita 14 nyingine. Jumla ni 35. Kwa spidi ya 80 jumla inakaribia 70, na mvua ikinyesha ile sehemu ya breki inaweza kuongezeka mara mbili. Kanuni rahisi ni sekunde mbili: gari la mbele likipita nguzo, hesabu "mia moja na moja, mia moja na mbili", ukiifikia nguzo kabla hujamaliza, umekaribia mno. Kwenye mvua, hesabu mpaka nne.

Tunajua jibu la mzoefu: ukiacha nafasi, daladala na bajaji wanachomekea. Ni kweli, wanachomekea. Lakini kila anayeingia anakugharimu sekunde mbili tu za kurudisha nafasi yako. Waingie kumi kutoka Sakina mpaka Tengeru, umechelewa sekunde ishirini.

Usiku mambo ni mabaya zaidi, na hapa mtihani wenyewe haufiki kwa kuwa hufanyika mchana. Taa za chini humulika mita 40 mpaka 50 hivi. Tumeshaona kwamba kwa spidi ya 80 unahitaji karibu 70 kusimama. Maana yake, ukipishana na gari ukashusha fuli bila kupunguza mwendo, kuna mita ishirini ambazo tayari umeshazikopa, na katika barabara ya Arusha ndani ya mita hizo panaweza kuwa na ng'ombe au mkokoteni usio na kiakisi mwanga.

Tuje mteremkoni, maana mkoa wetu ni wa miteremko. Chukua bonde la mto Kikafu, kati ya Moshi na Boma Ng'ombe. Madereva wengi wenye uzoefu wakifika pale juu wanatupa nyutro, wakiamini wanaokoa mafuta. Imani hiyo ilikuwa na mantiki enzi za kabureta, kile kifaa cha zamani cha kuchanganya mafuta na hewa. Gari la petroli la kisasa, lenye nozeli zinazoongozwa na kompyuta, likiwa ndani ya gia na mguu umetoka kwenye mafuta, hukata mafuta kabisa. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka nyutro, injini inalazimika kuchoma mafuta ili isizimike. Kwa hiyo unapoteza mafuta, halafu unapoteza na breki ya injini.

Hasara ya pili ndiyo inayoua. Bila injini kulizuia gari, kazi yote inaangukia pedi na diski. Zinapata moto, msuguano unapungua, dereva anakanyaga zaidi, zinazidi kupata moto. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu wa hewani kadiri yanavyokaa, na unyevu huo hushusha kiwango chake cha kuchemka. Yakichemka yanatoa mapovu, pedali inakuwa laini na kwenda mpaka chini bila kushika. Hapo ndipo tunaposikia "breki zilifeli". Mafuta hayo yabadilishwe kila miaka miwili. Mafundi wengi huongeza tu yakipungua. Na anayezima injini kabisa mteremkoni ajue kwamba kikuza breki, yaani kifaa kinachorahisisha kukanyaga pedali, kina akiba ya kukanyaga mara chache tu, kisha pedali inakuwa ngumu, na usukani pia.

Njia sahihi: chagua gia kabla ya kuanza kushuka, si katikati. Kwa manyo, gia ya tatu au ya pili kulingana na mzigo. Kwa otomatiki, toa kwenye D uweke 3, 2 au L. Magari mengine yameandikwa S au B. Spidi ikipanda, kanyaga breki kwa uzito mpaka ipungue, kisha achia kabisa ipoe. Usiweke mguu juu ya breki kuanzia juu mpaka darajani.

Spidi ya makazi tutaisema kwa kifupi: ni 50, na inaanzia kwenye kibao na kuishia kwenye kibao chenye mstari wa kukata. Mzoefu hajui kibao kiko wapi. Anajua tochi inakaa wapi, na asipojua, anaambiwa na gari linalokuja kwa kuwashiwa taa. Akiwa na mtahini, angevuka Usa River na Kikatiti kwa 70 bila hata kugundua. Zebra vilevile: gari la njia ya pembeni likisimama kwenye zebra, hulipiti mpaka ujue limesimama kwa ajili ya nani. Kwenye njia nne za Arusha kosa hili ni la kila siku.

Pamoja na hayo, mzoefu ana kitu ambacho mwanafunzi hana. Anasoma barabara. Akiona konda amegonga bodi, anajua daladala inachomoka. Akiona miguu ya mtoto chini ya lori lililoegeshwa, ameshaondoa mguu kwenye mafuta. Uingereza waliona uzito wa jambo hili wakaongeza mwaka 2002 kipimo cha kutambua hatari kwa video, na tunaamini wazoefu wetu wangewashinda vijana kwenye hicho.

Ndiyo maana hatuungi mkono wazo la kuwarudisha madereva wote kwenye mtihani kamili. Foleni yake ingekuwa mlango wa kitu kidogo, na wenye leseni za mezani wangepata za mezani tena. Tunachopendekeza ni dakika ishirini za barabarani na mkufunzi aliyesajiliwa kila leseni inapohuishwa, bila kufeli mtu, na karatasi ya makosa apewe dereva mwenyewe. Macho yapimwe hapo hapo: asome namba ya gari iliyo umbali wa mita 20. Mtihani kamili uwe wa wanaokamatwa mara kwa mara kwa makosa ya hatari. Japani hupima kumbukumbu za madereva wenye miaka 75 na zaidi wanapohuisha leseni, na tangu 2022 wale kati yao wenye makosa fulani hupimwa pia kuendesha. Nasi tunaweza kuanza na kundi dogo.

Anayeona tumemsingizia ajipime Jumapili asubuhi. Aendeshe kutoka katikati ya Moshi mpaka Boma Ng'ombe na kurudi, kushoto kwake akae mtu mwenye leseni, kalamu na karatasi yenye safu nne: vioo na bega, indiketa, nafasi, spidi. Kila kosa mstari mmoja, bila kusema neno mpaka gari lizimwe. Ikifika mistari 16, amefeli. Ila mwandishi asiwe mke wala mume wa dereva.

Wakufunzi wa udereva,
Moshi