Samaki wamezoea joto, mayai yao je?

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nijibu kauli ninayoisikia mara kwa mara sokoni, redioni na hata kwenye vikao vya wavuvi: kwamba samaki wa pwani yetu ni wa nchi za joto, kwa hiyo bahari ikipata moto kidogo si neno. Inasikika kama kauli ya busara. Mimi niliyefundisha baiolojia hapa Tanga hadi kustaafu naona inamdanganya mvuvi na kumpa kiongozi kisingizio cha kukaa kimya.

Samaki hana moto wake mwilini. Ukiacha jodari na baadhi ya papa, mwili wake una joto lile lile la maji aliyomo. Maji yakipata moto, mwili hufanya kazi kwa kasi na kudai oksijeni zaidi, na wakati huo huo maji yenyewe yanapungukiwa oksijeni, kwani maji ya moto hayashiki hewa kama ya baridi. Watafiti hupima uvumilivu huu kwa kumweka samaki kwenye tangi na kupasha maji polepole mpaka ashindwe kujiweka sawa na kulala ubavu. Joto la dakika ile ndilo linaloandikwa kuwa kikomo chake, kisha hurudishwa upesi kwenye maji ya kawaida.

Bahari yetu haibadiliki sana. Maji ya juu huwa kama nyuzi 25 wakati wa kusi, Julai na Agosti, na hufika 29 au 30 kaskazi inapokwisha, Machi na Aprili. Tofauti ya mwaka mzima ni nyuzi tano hivi. Kiumbe ambaye vizazi vyake vyote vimeishi ndani ya ukanda mwembamba kiasi hicho, mwili wake umejengwa kwa ukanda huo, na kwa kawaida anaishi karibu zaidi na kikomo chake cha juu kuliko samaki wa bahari zenye kipupwe kikali na kiangazi. Kwa hiyo huko "kuzoea joto" tunakojivunia maana yake ni kwamba nafasi iliyobaki juu ni ndogo.

Wavuvi wa jarife wa hapa Tanga hawahitaji kuambiwa kwamba kila samaki ana joto lake. Tangu 2004 wamemnasa silikanti, samaki mkubwa wa kale, mara nyingi, mpaka mwaka 2009 ikaanzishwa hifadhi ya bahari yenye jina lake. Huyu huishi kwenye mapango ya kina kirefu, penye maji ya nyuzi 14 hadi 22 hivi. Akipandishwa juu hadumu hata ukimwacha ndani ya maji, na sababu moja ni kwamba damu yake hushindwa kuchukua oksijeni ya kutosha kwenye maji ya moto. Ukoo wa karibu miaka milioni 400, na nyuzi chache tu zinammaliza.

Najua nitajibiwa nini: mbona mwatiko anastawi kwenye bwawa la futi tatu, juani? Na mbona siku za bamvua, bahari yetu inapokupwa kuanzia saa nne asubuhi hivi hadi jua la utosini, visamaki vinabaki kwenye vidimbwi vya mwambani vyenye maji ya kuunguza, na bado viko hai? Ni kweli, na vinastahili kustaajabiwa. Lakini muulize mfugaji wa mwatiko vifaranga amevipata wapi. Atakwambia amevikusanya pwani, kwenye vijito vya mikoko. Mwatiko hatagi bwawani mle. Mkubwa anayevumilia kila kitu hurudi bahari ya wazi kutaga, na mayai yake yanataka maji ya aina nyingine.

Hapo ndipo mjadala wetu unapokosea njia. Tunamtazama samaki mzima aliyeko mezani tunasahau yai. Mwaka 2020 jarida la Science lilichapisha uchambuzi wa spishi 694 za samaki wa baharini na wa maji baridi. Ulionyesha kwamba viinitete, yaani visamaki vinavyokua ndani ya yai, na samaki walio tayari kutaga huvumilia ukanda wa joto mwembamba zaidi kuliko wakubwa wengine. Waandishi wake walikadiria kwamba ongezeko la joto la dunia likizuiwa lisipite nyuzi 1.5, takriban asilimia 10 ya spishi hizo zitakuta maji ya mazalia yao yamekuwa ya moto mno ifikapo 2100. Likifika nyuzi 5, zitakuwa kama asilimia 60. Sasa kumbuka kwamba samaki wengi wa miamba yetu hutaga zaidi majira ya kaskazi, yaani wakati ule ule bahari inapopanda joto.

Watabadilika, wengine husema. Labda, ila kwa mwendo gani? Maabara moja ya Norway ilichagua visamaki vya mtoni vyenye milia kutoka India, kizazi baada ya kizazi, ikibakiza wale waliohimili joto zaidi. Kikomo kilipanda kwa nyuzi 0.04 tu kwa kila kizazi. Na Ghuba ya Uajemi, ambako maji ya kiangazi hupita nyuzi 35, samaki wapo, lakini kwenye miamba yake spishi za visamaki vidogo hazifiki nusu ya zile za Ghuba ya Oman iliyo jirani.

Joto la dunia halitapunguzwa na halmashauri ya Tanga, nakubali. Lakini yapo yaliyo mikononi mwetu, na hayo ndiyo yaliyonifanya niandike. Mwaka 2019 watafiti wa Bahari ya Shamu walionyesha kwamba mchana, mimea ya baharini inapotengeneza chakula chake, maji yanayoizunguka hujaa oksijeni kupita kiasi cha kawaida, na wanyama waliomo huhimili joto kubwa zaidi kuliko wakiwa na oksijeni ya kawaida. Nyasi bahari zetu, basi, ni malisho ya tasi na pia ni mahali pa kupumulia jua linapokuwa kali. Nasi tunaziacha zing'olewe na kokoro, zana iliyopigwa marufuku, inayoburuzwa mchana kweupe huku watu wakitazama!

Naomba mambo mawili. Kwanza, wale ambao wameshakubali kufunga miamba ya pweza kwa miezi mitatu, kama walivyofanya Songosongo, wafikirie pia kuhusu mazalia ya tasi wakati wa kaskazi. Wavuvi wa dema wanapajua mahali samaki hao wanapokusanyika, waulizwe wao kwanza kabla ya kuletwa mtaalamu kutoka mbali. Pili, Mamlaka ya Hali ya Hewa hututangazia upepo na mawimbi, nayo ni huduma nzuri; iongeze joto la maji, na gazeti lako lilichapishe kila wiki pembeni ya saa za kujaa na kupwa. Mvuvi akiona nyuzi 31 zimekaa majuma mawili mfululizo ataelewa kwa nini dema zake za maji mafupi zinarudi tupu, na ataamua mwenyewe kama mafuta ya kwenda maji ya kina yanalipa. Kazi inaweza kuanzia diko la Deep Sea hapa mjini, kwa kipima joto kimoja na mtu wa kukisoma kila asubuhi.

Mwalimu mstaafu,
Tanga