Si panya, shoga yangu

Kraków, Jumapili jioni

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila baridi imeanza kuuma. Umenichekesha na swali lako kuhusu ile kadi niliyokutumia, yenye mchoro wa Leonardo da Vinci: "Binti mzuri hivi, mbona kapakata panya buku?"

Si panya, shoga yangu. Ni mnyama wa nchi za baridi aitwaye "ermine" kwa Kiingereza, wa ukoo wa kicheche, ambaye theluji ikianguka manyoya yake hugeuka meupe pepepe. Nami nilikwama hapohapo, maana kwetu ukimwita mwanamke kicheche umemtukana. Kumbe Wataliano wa zama zile waliamini mnyama huyu akifukuzwa na wawindaji huona heri akamatwe kuliko kukimbilia shimo la matope akajichafua. Leonardo mwenyewe, aliyeichora picha hii mnamo 1490, aliyaandika hayo katika madaftari yake.

Binti ni Cecilia Gallerani, hawara wa Ludovico Sforza, mtawala wa Milan. Alikuwa na miaka 16 hivi. Kwa Kigiriki mnyama wa jamii hiyo huitwa "gale", kwa hiyo wasomi walilisikia jina la ukoo wake humo. Lakini Ludovico naye alikuwa ametunukiwa nishani ya mnyama huyohuyo na mfalme wa Naples mwaka 1488, na wengi husema aliyepakatwa pale ni yeye bwana mkubwa. Wapo pia wanaomwona mnyama huyu kuwa ishara ya ujauzito: Cecilia alijifungua mtoto wa kiume Mei 1491, miezi michache baada ya Ludovico kumwoa Beatrice d'Este. Fikiria moyo wa binti yule.

Lililonigusa zaidi ni hili. Mwaka 2014 mtaalamu Mfaransa, Pascal Cotte, alieleza alichokiona chini ya rangi kwa mwanga wa kamera yake: kwanza Cecilia alichorwa peke yake, kisha akapewa mnyama mdogo wa kijivu, mwishowe huyu mkubwa mweupe mwenye misuli. Yaani binti alikuwepo kabla ya bwana.

Picha yenyewe ni ndogo, ubao wa sentimita 54 kwa 39. Nilisimama mbele yake mpaka miguu ikaniuma, nikiutazama ule mkono. Mnyama ametoa kucha juu ya mkono mwekundu wa gauni la Cecilia, naye Cecilia hata hamwangalii. Vidole vyake virefu vimemtuliza tu begani. Mimi naona yeye ndiye aliyemshika bwana.

Itazame tena kadi yako mchana, penye mwanga, uniandikie unavyoona wewe. Msalimie mama.

Wako,
Rehema