Miswada yetu ya tenzi nayo irudi nyumbani

Mhariri, assalam aleikum, naomba nafasi kidogo. Mwaka jana nilienda Iceland kwa dadangu aliyeolewa huko, na baridi ni kali kweli lakini kilichonishika zaidi ni vile hawa watu wanavyopenda vitabu, Krismasi mtu anapewa kitabu zawadi, na mji wao wa Reykjavik ulitambuliwa na UNESCO kuwa mji wa fasihi tangu 2011.

Nikaonyeshwa miswada yao ya kale, imeandikwa kwenye ngozi ya ndama, kurasa zimekuwa kahawia na herufi zimebanana maana ngozi ilikuwa ghali. Hii miswada ilikaa Denmark miaka na miaka, wakaidai weee, mpaka tarehe 21 Aprili 1971 manowari ya Denmark ikaleta ya kwanza na watu wakafurika bandarini kuipokea. Vitabu jamani, si mfalme!

Sasa sisi Lamu? Utendi wa Mwana Kupona ni wa 1858, hapo Pate tu, lakini ukitaka kuona miswada ya zamani ya tenzi za Kiswahili mingi iko London kwenye maktaba ya chuo kikuu cha SOAS, na iliyobaki huku inaliwa na mchwa kwenye masanduku ya nyanya zetu. Inaniuma sana. Naomba kaunti na makumbusho waanze kuipiga picha miswada iliyoko majumbani, sasa hivi, halafu ile ya ng'ambo tuidai rasmi. Na nyinyi gazeti tutengeeni ukurasa wa tenzi kila Ijumaa.

Msomaji wenu,
Langoni, Lamu