Barua kwa binti yangu anayeanza jiografia ya maumbile

Binti yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku Upare. Sisi hatujambo, tangawizi imeshika vizuri, na bibi yako anakuulizia kila siku. Juzi kwenye simu uliniambia kozi ya utangulizi ya jiografia ya maumbile imejaa maneno ya kukariri, na mtihani umekaribia. Mtandao ukakatika kabla sijakujibu. Somo hili nimelifundisha mpaka nikastaafu, na bado nalipenda, kwa hiyo nivumilie nikiandika kirefu.

Usikariri. Kila neno litafutie mahali unapopajua, kisha ulipime hapo. Chukua kivuli cha mvua, yaani upande wa mlima unaokosa mvua. Upepo unatoka Bahari ya Hindi na unyevu wake, unaikuta milima yetu upande wa mashariki, unalazimika kupanda. Tuseme hewa imeanzia mita 600 ikiwa na nyuzi 28. Kabla haijashiba mvuke hupoteza karibu nyuzi 10 kwa kila mita 1,000, kwa hiyo ikifika mita 1,400 ina nyuzi 20. Tuseme mawingu yanaanza hapo. Mvuke unapogeuka kuwa matone hutoa joto, ndiyo maana kuanzia hapo hewa hupoa taratibu zaidi, mathalani nyuzi 6 kwa mita 1,000. Kwenye mita 2,400, karibu na kimo cha kilele chetu cha Shengena, imebaki nyuzi 14, na mvua imeshamwagwa upande ule. Sasa iteremshe upande wa pili, wa magharibi, kule Makanya. Haina mawingu tena, hivyo inaongeza nyuzi 10 kwa kila mita 1,000. Ikifika mita 600 ina nyuzi 32. Kimo ni kilekile, joto limezidi kwa nyuzi 4, na unyevu umebaki mlimani.

Fanya hesabu hiyo mwenyewe kwa kalamu. Ukimaliza utaelewa kwa nini msitu wa Chome una ukungu wakati chini, kandokando ya barabara kuu, ni mkonge na miiba. Utaelewa pia kwa nini wazee wetu walijenga ndiva, yale mabwawa madogo ya kumwagilia, maji yakajaa usiku na kufunguliwa mchana kwenda mashambani kwa zamu.

Uliuliza mbona huko Dodoma mvua ni za msimu mmoja. Ule ukanda zinapokutana pepo za kaskazini na za kusini hulifuata jua. Huku kwetu, karibu zaidi na ikweta, hupita ukishuka kusini, tukapata vuli, halafu hupita tena ukirudi kaskazini, tukapata masika. Kadiri unavyokwenda kusini, mapito hayo mawili husogeleana mpaka yakaungana, ndiyo huo msimu wenu wa Desemba hadi Aprili.

Jumamosi moja nenda kwenye majabali ya hapo mjini, ukashike mwamba kwa mkono. Ni matale, yaani graniti, yaliyopoa chini sana ardhini zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita, yote yaliyokuwa juu yake yameshaondolewa na maji na upepo. Tazama ngozi ya jiwe inavyobanduka kwa matabaka. Ukiona hivyo, sura ya kuchakaa kwa miamba haitakutoka kichwani.

Mkipelekwa Kondoa, usikose. Makorongo ya kule yalitisha kiasi kwamba serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye vilima vya Kondoa Irangi. Uoto ulirudi, lakini wafugaji walihamishwa makwao, na hilo nalo linaumiza. Mwalimu akikuuliza kuhusu mmomonyoko, usiwasahau watu hao.

Kwa swali la kupima umbali na mteremko kwenye ramani: kwenye kipimo cha 1:50,000, sentimita 2 ni kilomita 1. Mto unaopindapinda upime kwa uzi mwembamba, ukiufuata kona kwa kona, kisha unyooshe uzi kwenye rula. Mistari ya kontua, ile inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja, ikibanana, hapo ni mteremko mkali. Ikiachana, ni tambarare.

Nauli ya Kondoa nimeshakutumia kwenye simu. Andika kwa penseli huko porini, maana wino ukilowa huchuja. Na unieleze ulichoona, nina hamu ya kusoma.

Mama yako anakusalimu sana.

Ni mimi baba yako.