Hadithi za watoto zisiishie sokoni Mkunazini

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika safu ya barua niseme neno juu ya hadithi za watoto zinazohusu utumwa wa pwani yetu. Nyingi huishia palepale: Juni 1873, Sultani Barghash anatia saini mkataba na Waingereza, soko la watumwa la Mkunazini, mjini Unguja, linafungwa, minyororo inakatika, mtoto anakimbilia ufukweni, yu huru. Msomaji wa miaka 10 anafunga kitabu akiamini mambo yamekwisha.

Hayakwisha. Mkataba ule ulifunga masoko na kupiga marufuku kusafirisha watumwa baharini. Aliyekuwa tayari shambani alibaki mali ya bwana wake. Unguja na Pemba sheria haikuacha kuutambua utumwa hadi Aprili 1897. Tanganyika hadi 1922. Kwa hiyo kitoto kilichozaliwa utumwani mwezi uleule soko lilipofungwa kiliweza kufikisha miaka 23 na bado ni cha mtu.

Tena amri ya 1897 haikumwacha mtu huru kwa tangazo la mpiga mbiu. Mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani auombe uhuru wake, na akifika aulizwe: utakaa wapi, utakula nini? Asiye na makao wala kazi aliweza kuhesabiwa mzururaji. Fidia ilikwenda kwa bwana. Aliyetumikishwa hakuambulia kitu. Ndiyo maana wengi hawakwenda kabisa, wakapatana na mabwana zao na kubaki kwenye vibanda vilevile. Hapo pana sura nzima ya riwaya: mama amemshika mwanawe mkono mlangoni pa mahakama, naye anajua akiingia huenda akapoteza kibanda na lile konde la muhogo alilolilima Alhamisi na Ijumaa, siku mbili ambazo desturi ya mashamba ilimwachia. Watoto wanaelewa jambo la namna hiyo. Sisi watu wazima ndio tunaowaogopea.

Hata baada ya hapo masuria, yaani watumwa wa kike ambao mabwana waliwaweka kinyumba, waliachwa nje ya amri mpaka 1909. Na hili la masuria lina kisa ambacho sijui kwa nini waandishi wanakiruka. Mtoto ambaye suria amemzalia bwana wake, bwana akimkubali, ni huru na anarithi. Lakini yule aliyezaliwa na mama huyohuyo kabla hajawa suria, baba yake mtumwa mwenziwe, ni mtumwa. Ndugu wawili wa tumbo moja: mmoja anakwenda chuoni kusoma Kurani, wa pili anamtekea maji ya kutawadha. Ya nini tena kubuni jambazi mwenye jicho moja?

Vitu vidogo navyo vinaharibu. Mtoto wa 1865 hauzwi kwa shilingi. Fedha za wakati ule ni reale, sarafu kubwa ya fedha, kisha rupia, na Zanzibar ilikaa na rupia hadi miaka ya 1930. Mama yake hawezi kuvaa kanga yenye jina, yaani yenye maneno yaliyochapwa, kwani kanga ya namna hiyo ilikuwa bado. Mvishe merikani, kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, au kaniki nyeusi, kichwa wazi na miguu mitupu, maana kilemba na viatu mbele ya bwana havikuwa vyake. Na ukiiweka hadithi Unguja mwaka 1873, usimpandishe mtu juu ya mkarafuu uliosheheni. Tufani la Aprili 1872 liliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa hicho. Pemba ndiyo iliyosalimika.

Kazi yenyewe ioneshwe. Karafuu huchumwa kabla ua halijafunguka. Likifunguka, thamani imekwenda. Tawi la mkarafuu ni jepesi kuvunjika, na hapo ndipo watu huanguka. Jioni wanawake na watoto hukaa kuchambua, karafuu huku, makonyo, yaani vikonyo vyake, kule, kisha huanikwa juani siku kadhaa. Zikilala lundo zikiwa mbichi, au zikinyeshewa, hushika joto ndani kwa ndani, zikapauka, zikawa mpeta, yaani karafuu duni. Mvua ya ghafla na jamvi limeachwa uani, zamu ya mtoto kulilinda: mwandishi mwenye tukio hilo hana haja ya mjeledi kila ukurasa. Mjeledi uonekane mara moja, halafu tuone mtu anavyolala kifudifudi wiki nzima.

Mtoto aliyeletwa kutoka bara apewe majina mawili. Mabwana walibadilisha: Mabruki, Feruzi, Almasi, Faraji. Lile la kwao aitwe na dada yake tu.

Wanaokwenda kuzungumza na wazee wasianze na "babu yako alikuwa mtumwa?" Neno hilo bado ni tusi, na mlango utafungwa. Ulizeni shamba liliitwa kwa jina la nani, bibi alizikwa wapi na kwa nini si pamoja na wengine, bembelezi lake lilikuwa na maneno gani yasiyo ya Kiswahili. Neno moja la Kiyao likitoka, hadithi imepata kwao. Mwandishi akumbuke pia kuwa darasa moja lina vitukuu vya pande zote mbili, wa waliouza na wa waliouzwa, na pengine mtoto mmoja ni wa kote kuwili. Asilipake kabila zima rangi moja.

Kwa wachapishaji nina ombi dogo. Orodha ya maneno magumu mwisho wa kitabu mtoto haifungui. "Mzalia" lielezwe na mhusika mwenyewe: "Wewe mzalia, umezaliwa hapa hapa, njia ya bara utaijulia wapi?" Nafasi hiyo ya nyuma iokolewe, iwekwe ramani mbele: Ziwa Nyasa, Kilwa, Unguja, kwa kuwa wengi walipitia Kilwa. Na pembeni ya ramani miaka mitatu: 1873, 1897, 1909.

Mhariri wa vitabu vya watoto,
Unguja