Mama Salha, usizime taa ya barazani

Brooklyn Park, Minnesota
Jumapili, 4 Oktoba 2026

Mpenzi Mama Salha,

Salaam nyingi zikufikie hapo Des Moines, wewe, Baba Salha na wanangu wawili. Sisi tu wazima, ila baridi imeshaanza kutuchungulia madirishani na Baba Baraka ameanza wimbo wake wa kila mwaka wa kutaka kurudi Tanga.

Ule ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka Baraka akaja kuuliza kuna nini. Mara ya pili nikakuonea huruma, maana nilijikumbuka mwenyewe. Hapana shoga yangu, jirani yako hajafiwa. Lile kaburi la mbele ya nyumba yake ni povu lililopakwa rangi, na ile mifupa iliyokalia kiti inauzwa dukani pamoja na sabuni na mikate. Novemba ikiingia ataikunja airudishe stoo. Ndiyo Halloween yenyewe hiyo, tarehe 31 mwezi huu, na umefanya vizuri kuniuliza mapema.

Sisi hatukuwa na wa kumuuliza. Oktoba yetu ya kwanza hapa, saa moja usiku, kengele ikalia. Baba Baraka akaweka jicho kwenye kitundu cha mlango, akaona kijitu kifupi chenye kichwa cha mbwa mwitu. Alirudi kinyumenyume, akazima taa za nyumba nzima. Tukakaa sakafuni gizani, watu wazima wawili na akili zetu, tunanong'ona Zaburi ya 91 huku Baraka amelala mapajani. Kengele ililia mara tisa, nilihesabu. Kesho yake mtoto akarudi shuleni ameinama: darasa zima lina mifuko ya pipi, yeye hana hata moja ya kusingizia. Akaniuliza, "Mama, kwani wale watoto walitukosea nini?"

Swali hilo lilinikaa. Na unajua lilinikumbusha nini? Idi. Mimi mtoto wa mwinjilisti, wewe ukinivisha gauni lako la mwaka uliopita ili na mimi nionekane nina nguo ya sikukuu, tunashikana mikono kutoka barabara ya nane hadi ya kumi na nne pale Ngamiani, hodi hapa, hodi pale, tunadai mkono wa Idi. Hakuna aliyeniuliza dini yangu. Nilikuwa mtoto mlangoni, basi. Sasa hapa Marekani, mahali ambapo unaweza kuishi miaka mitatu usijue jina la jirani wa ukuta kwa ukuta, usiku huu mmoja ndio watu wanafungua milango na kukaa barazani kungoja watoto wa wenzao. Mimi nimeupenda kwa hilo tu. Mengine nimeyachuja.

Maana najua Baba Salha anauliza habari za uchawi. Mwambie asili yake ni mkesha wa Watakatifu Wote, sikukuu ya Kikristo ya Novemba mosi, ambao ulichanganyika na desturi za kale za Waayalandi za kufunga msimu wa mavuno na kujikinga na mizimu. Wao ndio waliokuja nayo huku karne ya kumi na tisa. Leo kwa watoto imebaki pipi na maboga. Akikataa bado, usigombane naye. Ziko familia nyingi, za Kikristo na za Kiislamu, ambazo hazishiriki, na hakuna anayenuna. Taa ya barazani ndiyo ulimi wa nyumba: ikiwaka, watoto wapige kengele, ikizimwa, wanapita kimya. Kumbe sisi usiku ule wa Zaburi tulikuwa tumewajibu sahihi bila kujua. Kwangu mimi sheria ni moja: hakuna damu za bandia wala mapembe ya shetani. Simba, nyuki, daktari, malkia, boga, ruhusa.

Tuanze na maboga, maana hapo ndipo nyumba nzima inakutana. Msinunue dukani. Nendeni shambani siku moja ya wikiendi. Pembezoni mwa mji hamkosi mkulima anayekaribisha familia mwezi huu. Mnapanda tela lenye marobota ya majani makavu, trekta linawavuta taratibu, mnajichagulia boga shambani. Mashamba mengine yana njia zilizokatwa ndani ya mahindi marefu kuliko mtu, mnaingia mnapotea makusudi. Wangu walinipoteza dakika arobaini na wakafurahi kupita kiasi. Ila jiandae kwa uchungu mmoja: ule msusa. Shamba zima la majani ya maboga, eka kwa eka, yamebabuka kwa umande wa barafu na hakuna aliyechuma hata kishada. Nilisimama pale nikakumbuka karanga na nazi, machozi yakanilenga.

Na usidanganyike na ukubwa wa yale maboga. Yale ya kuchonga ni maji matupu na nyuzinyuzi. Mwaka wa pili nililitia moja nazi na iliki, nikajua leo tunakula futari ya nyumbani. Likatoka uji wa kunywa kwa kikombe. Kwa kupika tafuta yale madogo mazito, wanayouza kwa ajili ya kuoka pai tamu.

Kulichonga ni hivi. Tandika magazeti sakafuni. Unapokata kifuniko juu, kilaze kisu kielekee ndani, usikate wima, la sivyo kifuniko kitatumbukia. Utumbo wake mnautoa kwa upawa. Hapo ndipo nilipoililia mbuzi yangu ya nazi niliyoiacha Tanga. Mtoto achore uso kwa kalamu, mtu mzima akate. Hili usilegeze, maana kisu kinateleza kwenye ngozi ile kama kwenye sabuni. Ndani weka taa ndogo ya betri badala ya mshumaa, kwa sababu usiku wa Halloween watoto wana mashuka na mikia inayoburura karibu na moto. Wale Waayalandi kwao walikuwa wakichonga tanipu. Walipofika huku wakakuta boga, ambalo ni zao la asili la bara hili, kubwa tena laini, nani angerudi kwenye tanipu? Lichongeni siku mbili tatu tu kabla. Mwaka jana nilijitia kuwahi, wiki mbili kabla, na uso wangu mzuri ukanyauka ukawa babu kibogoyo, kisha kindi wakaja kumalizia pua.

Mbegu usitupe! Zioshe, zikaushe kwa kitambaa, tia chumvi na mafuta kidogo, zioke mpaka ziwe za rangi ya dhahabu. Mimi huongeza pilipili ya unga na ndimu, kama mihogo ya Raskazoni. Baba Baraka hukaa na bakuli lake pembeni, husikii sauti yake tena.

Kuhusu mavazi, kostyumu za dukani zina bei na zinachanika kabla ya mtaa wa pili. Sisi tunatengeneza. Imani wetu alikuwa twiga kwa boksi la friji na rangi ya kahawia, Baraka alivaa kanga mbili na kofia ya baba yake akawa "bibi wa sokoni", akashinda wenye nguo za dola nyingi. Muhimu ni kwamba nguo iingie juu ya koti. Sikutanii. Hapa kwetu jirani, mzee mmoja, kila mwaka husimulia tufani la theluji la Halloween ya 1991: lilianza tarehe 31 mchana, likamwaga theluji siku mbili tatu, na lilipoisha Minneapolis walipima inchi 28.4, yaani karibu sentimita 72. Anasema alizunguka na wanawe hivyo hivyo, malaika na maharamia wakiwa ndani ya mabuti ya theluji. Kwa hiyo shona kubwa, valisha koti, kisha twiga juu yake.

Sasa habari ya mji wako, na hapa nikuonye. Miji mingi huku hujipangia yenyewe siku na saa za watoto kuzunguka. Des Moines kwa miaka mingi wamekuwa na yao, usiku wa tarehe 30, na una sharti tamu kuliko yote niliyoyasikia nchi hii: mtoto hapewi pipi bure, lazima aseme kichekesho kwanza. Wameshawahi kuusogeza hadi 31, kwa hiyo muulize jirani yako wa makaburi mwaka huu ni lini. Lakini kichekesho kiandaeni leo. Na kwa nini Salha ahangaike na vichekesho vya kwenye intaneti? Mfundishe vitendawili vyetu kwa Kiingereza. "Nyumba yangu haina mlango." Mzungu atakuna kichwa barazani na bakuli lake, mtoto anasubiri, kisha: yai! Nakuhakikishia atapewa konzi mbili.

Kwingine neno ni lile lile, "trick or treat", yaani nipe kitu kitamu au nikufanyie vituko. Na vituko zamani vilikuwa vya kweli. Mji wa Anoka, dakika ishirini hivi kwa gari kutoka kwangu, watu waliamka wakakuta ng'ombe wanarandaranda barabara kuu na vyoo vya nje vimepinduliwa, kazi ya vijana usiku wa Halloween. Wazee wa mji, badala ya viboko, mwaka 1920 wakaandaa maandamano ya mavazi, na pipi na njugu kwa watoto. Mpaka leo wanafanya kila Oktoba, na wanajiita mji mkuu wa Halloween duniani. Tunakwenda na blanketi na chupa ya chai ya tangawizi, tunakaa kando ya barabara kuangalia bendi za shule zikipita. Bure kabisa, na mchana, kwa hiyo hata mtoto mwoga anafurahi.

Mkizunguka usiku, nendeni wote wanne. Chukueni tochi, vaeni viatu vya kutembelea, na barazani pandeni pamoja na wadogo. Kama mtaa bado ni mgeni kwenu, makanisa mengi huwa na jioni ambapo watu wanapanga magari uwanjani, kila mmoja amepamba buti la gari lake, watoto wanapita gari kwa gari. Imani alianzia huko akiwa na miaka mitatu. Pale kwenu pia Blank Park Zoo huwa na jioni za watoto mwezi huu, wanavaa mavazi yao katikati ya wanyama. Ukiona boga la rangi ya kijani-buluu mbele ya nyumba, hao wana zawadi zisizo za kula, kwa ajili ya watoto wenye mzio wa karanga au maziwa. Kalamu, vibandiko, mpira mdogo. Jambo la uungwana sana, na mimi nimeliiga. Kwenu litawafaa kwa sababu nyingine pia: pipi nyingi laini zina jelatini, na mara nyingi ni ya nguruwe. Soma karatasi kabla Salha hajatafuna.

Mkirudi nyumbani ndipo sinema yenyewe inapoanza. Wanamwaga pipi zote kwenye zulia na linafunguka soko la Mgandini. Chokoleti moja kwa pipi ngumu nne, hizi za njano zenye umbo la punje ya mahindi hakuna anayezitaka, bei inapanda, mmoja analia, dalali anaingilia. Mama naye ana ushuru wake, chokoleti moja kwa kila kumi, na sijawahi kuona haya. Kisha tunazima taa zote, tunayawasha maboga, Baba Baraka anasema "Paukwa!" nao "Pakawa!", na lile zimwi lililommeza mwanakijiji linakuja likiwa na njaa mpya. Baraka anaelewa Kiswahili chote usiku huo, hata yale maneno anayojifanya hajui siku za shule. Kuwalaza ni kazi, na mwaka huu ndiyo zaidi, kwani alfajiri ya Novemba mosi saa zinarudishwa nyuma. Yaani watoto waliojaa sukari wameongezewa na saa moja. Mwenyezi Mungu atusaidie.

Na hili ndilo nilitaka kulisema tangu mwanzo. Tarehe 31 ni Jumamosi. Kama Des Moines wataiweka tarehe 30, basi Salha atasema vitendawili vyake Ijumaa, nanyi Jumamosi asubuhi shikeni barabara ya 35 kuja juu; ni mwendo wa saa nne tu hivi. Nitakuwa nimeacha maboga manne hayajachongwa. Njoo na upawa wako, wangu umevunjika mpini, na kama umepata nazi nzuri ya kukuna huko, usije mikono mitupu. Mwambie Baba Salha shemeji yake amemwekea bakuli lake la mbegu, na kwamba kengele ikilia safari hii atakayefungua mlango ni Baba Baraka mwenyewe, mwenye masikio ya sungura. Imani ndiye aliyeyachagua.

Nipigie ukishaongea na jirani.

Wako wa barabara ya nane,
Mama Baraka